Matairi Manne, Umri Mmoja

Wanangu, jambo hili nimelisema mpaka nimechoka, na huenda ninyi mmechoka zaidi kulisikia. Kila Desemba mnarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, mnapandisha magari yenu huku Upare, Usangi, Chome, Mbaga, Suji na Gonja, na kila Januari mafundi wa Same na Mwanga wanapata kazi ambayo isingekuwepo kama mtu angeinama dakika mbili kutazama matairi yake. Sisemi kwa ukali. Ukali ulinitoka zamani. Kilichobaki ni subira, na hiyo nayo naitumia kwa kipimo.

Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne halitaki matairi ya umri tofauti. Ndiyo habari yote, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Ukifunga mawili mapya mbele ukaacha mawili yaliyochoka nyuma, au jipya moja katikati ya wazee watatu, gari litatembea. Litapanda Kikweni, litashuka, litakufikisha Dar, na kwa miezi kadhaa halitasema neno. Hapo ndipo mnapodanganyika. Mnadhani kimya chake ni ridhaa.

Pasaka moja mpwa wangu alikuja na Subaru Forester, ile ya otomatiki. Alipokata kona kali kuingia uani, gari likaruka-ruka kwa nyuma na kugugumia, kana kwamba breki ya mkono imeshikwa. Akaniambia, "Shikamoo mjomba, hili gari lina shida ya bushi." Fundi wa kwanza alikwisha kumuuzia bushi. Wa pili akamuuzia boli jointi. Mimi nilimwomba tu azime injini. Nikachuchumaa, nikapitisha kidole gumba kwenye mifereji ya tairi la mbele: kucha ilizama yote. Nikazunguka nyuma: haikuzama hata nusu. Matairi ya mbele yalikuwa bado na vile vinyweleo vya mpira vya dukani. Ya nyuma kashata, yale matuta ya mpira, zilikuwa zimelainika, na ukingo wa ndani umelika kuliko wa nje.

Akajitetea kwa adabu. Mbele ndiko kwenye usukani, mjomba, na hela ilitosha mawili tu. Ni hoja ya mtu mwema, mwenye watoto na ada za shule. Muuza matairi naye alimwambia hakuna tatizo, na muuza matairi atasemaje tena, mteja akiwa na hela ya mawili mkononi? Lakini giaboksi haina habari na hela ya mtu.

Nitawaeleza kinachotokea mle ndani, kwa sababu nimeona mtu akikatazwa bila kuelezwa hushika katazo kwa wiki moja tu.

Land Rover za zamani, ambazo wengi wenu mlizaliwa zikiwa zinabeba abiria kutoka Same kwenda milimani, zilikuwa na kitufe cha njano na mkono mwekundu sakafuni, karibu na gia. Ukibonyeza cha njano, mbele na nyuma vinaungana, magurudumu manne yanavuta. Ukivuta ule mwekundu, unaingia gia ndogo ya kupandia. Dereva aliyefundishwa vizuri alijua tope likiisha afungue, maana kule mbele na nyuma zikishaungana zinalazimika kuzunguka sawasawa. Kwenye tope au kokoto hilo halina ubaya: gurudumu linaloona limezidiwa linateleza kidogo na mambo yanasawazika. Kwenye lami hakuna pa kuteleza. Kila kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na ile tofauti ikikosa pa kwenda inajikusanya kwenye propela, kwenye giaboksi na kwenye difu mpaka kitu kinalia. Kwa hiyo dereva ndiye aliyeamua, na akikosea alijua amekosea wapi.

Magari yenu hayawaulizi. Subaru zenu, RAV4 zenu, X-Trail zenu, zinajiamulia zenyewe lini zipeleke nguvu nyuma na kiasi gani. Ili zifanye hivyo bila kujivunja kwenye kona, watengenezaji waliweka katikati kitu cha kupokea tofauti ya mzunguko kati ya mbele na nyuma. Subaru nyingi za gia za mkono zina difu ya katikati pamoja na kopo lililofungwa, lenye sahani nyembamba na mafuta mazito ya silikoni. Sahani zikipishana mwendo, mafuta yanapata joto na kuzishika. Za otomatiki zina klachi ya sahani nyingi mkiani mwa giaboksi, inayobanwa na kuachiwa kwa amri ya kompyuta. RAV4 za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 na X-Trail zina klachi ya umeme mbele ya difu ya nyuma. Majina ni mengi, kazi ni moja: kupokea tofauti ndogo, kwa muda mfupi, wakati wa kona au utelezi. Hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kupokea tofauti hiyo kutwa nzima.

Sasa njooni kwenye tairi. Chukueni lile la saizi 215/65R16, ambalo Forester nyingi hapa kwetu zinalitumia. Likiwa jipya, mzingo wake ni milimita 2,155 hivi, na kashata zina kina cha milimita 8 au karibu na hapo. Lilike nusu, zibaki 4. Kila milimita moja inayolika inapunguza mzingo kwa milimita 6 na kidogo, kwa hiyo tairi hilo sasa limepungukiwa na milimita 25. Si kitu, utasema, ni upana wa vidole viwili vyembamba. Lakini jipya litazunguka mara 464 kwa kilomita, na lile la zamani karibu mara 470. Kutoka Same hadi Moshi, kilomita mia na ushei, nyuma itakuwa imezunguka zaidi ya mara 500 kuliko mbele. Kutoka Dar hadi Same, takriban kilomita 450, zaidi ya mara 2,000. Hiyo ni hesabu ya darasani. Uzito wa mzigo na upepo wa tairi huisogeza huku na huku kidogo, lakini haviifuti.

Tazameni basi ninyi wenyewe. Barabara ya Hedaru hadi Same imenyooka, dereva ameshika usukani kwa mkono mmoja, hakuna kona wala tope. Mle ndani klachi inaona nyuma inazunguka tofauti na mbele kilomita baada ya kilomita. Kompyuta haijui habari za duka la matairi. Inachojua ni kwamba mwendo haulingani, na kwake maana ya hilo ni utelezi. Inabana. Sahani zinasuguana, mafuta yanachemka, yanaachia, inabana tena. Joto la Same mnalijua; ongezeni na hilo.

Wazee wenzangu wanakumbuka mgonjwa alivyokuwa akiteremshwa kwa machela kutoka vijiji vya juu kabla barabara haijafika. Wabebaji wanne, na walichaguliwa wa kimo kimoja. Akiingia mfupi mmoja mgonjwa haanguki, safari inaendelea, ila kuna bega la mtu linalipia, na mwenye bega hasemi mpaka wafike chini. Bega la gari lenu limefungiwa ndani ya chuma, hamlioni.

Watengenezaji wenyewe wanajua udhaifu huu. Subaru wanataka mzingo wa matairi yote manne usipishane zaidi ya robo inchi. Robo inchi ni milimita 6 na kidogo; rudini kwenye hesabu yetu, hiyo ni milimita moja tu ya kashata. Mpwa wangu alikuwa na nne. Tena kwenye Subaru nyingi za otomatiki za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, fungueni boneti mtakuta kijumba cha fyuzi kilichoandikwa FWD, kitupu. Ukipachika fyuzi pale, klachi ya nyuma inaachia, gari linavutwa na magurudumu ya mbele peke yake, na taa inawaka kwenye dashibodi kukukumbusha. Kitabu cha gari kinaagiza uipachike unapofunga ile spea tairi ndogo nyembamba. Kwa nini waliweka kijumba hicho? Kwa sababu walijua spea ndogo inazunguka haraka kuliko wenzake, na hawakutaka klachi ile iteseke hata kwa safari fupi ya kutafuta fundi wa pancha. Magari mapya zaidi hayana kijumba hicho, kwa hiyo msihangaike kukitafuta.

Si magari yote yenye madhaifu sawa, na nisiwatishe bure. Mwenye Hilux au Land Cruiser ya kuunga kwa mkono akitembea na gia ya magurudumu mawili, mbele na nyuma hazijuani, hata zikipishana hakuna wa kulalamika. Hatari yake inaanza pale anapounga fowili huku mlimani akasahau kufungua akifika lami. Prado na Land Cruiser zenye difu ya katikati iliyo wazi zina subira zaidi, kwa kuwa difu ile inaweza kugawa tofauti kwa muda mrefu bila kubana. Lakini mkiifunga kwa swichi, subira imekwisha. Na msidhani kubadili tairi moja tu ni salama kuliko mawili. Hapo difu ya ekseli husika ndiyo inayofanya kazi bila kupumzika, gia zake ndogo za ndani zinazunguka kutwa hata barabara ikinyooka, na nusu ya tofauti bado inafika katikati.

Mpwa wangu tulimfungia nyuma mawili ya aina ile ile na kina kile kile, tukamwaga mafuta ya giaboksi. Yalitoka meusi, yana harufu ya kitu kilichoungua, si ule wekundu mwangavu wa mafuta mazima. Baada ya hapo kuruka kulipungua lakini hakukwisha. Ikabidi giaboksi ifunguliwe mkiani. Sahani za klachi zilitoka zimeungua mpaka chuma kimegeuka rangi ya bluu, na mbili zimeshikana. Alicholipa sitakitaja, ni aibu ya familia. Itoshe kusema kwamba hela ile ingenunua seti mbili za matairi na ya chai ikabaki.

Watani wetu wanasema Mpare anaweza kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Waache waseme, ni watani. Lakini mtu akiua giaboksi ili kuokoa bei ya matairi mawili, anawapelekea ushahidi mkononi.

Kuna swali ambalo watu hawaliulizi: kwa nini matairi yalipishana hata kabla ya kununua mapya? Tairi halichakai ovyo, linaandika lilichofanyiwa. Likilika kingo zote mbili na katikati likabaki, limetembezwa na upepo mdogo. Likilika katikati, upepo ulizidi. Likilika upande mmoja, kama yale ya nyuma ya mpwa wangu, alaimenti imepotea, au bushi na tairodi zimelegea. Likiwa na mabonde mabonde, pitisha kiganja utayahisi, shokapu zimekufa au balansi haipo. Ukinunua manne mapya bila kurekebisha kisababishi, umenunua tatizo lile lile kwa bei ya leo.

Na njia zetu hizi zina namna yake ya kula tairi. Kuanzia Mkomazi, kupita Hedaru na Makanya, ni lami ya moto na mwendo mrefu. Tairi lenye upepo mdogo linakunjwa na kukunjuka maelfu ya mara, linachemka. Kisha unapanda kutoka Mwanga kwenda Usangi: kona za kujipinda moja baada ya nyingine, na ukingo wa nje wa matairi ya mbele ndio unaobeba gari lote. Mkishika njia ya Mwembe kwenda Mbaga, Miamba hadi Ndungu, au sehemu za Same–Kisiwani zilizobaki na vumbi, mawe yanachuna kashata, na gurudumu linalozungukia hewani kwenye shimo linaliwa zaidi ya wenzake. Wakati wa masika na vuli udongo mwekundu wa juu kule unateleza kama mnavyoujua. Kwa hiyo gari linaloishi huku, matairi yake hayawezi kulika sawa yenyewe. Mwenye gari ndiye anayeyasawazisha.

Kuyasawazisha ni kuyazungusha. Kila kilomita 8,000 hivi, na mapema zaidi kwa mwenye kupanda milima kila wiki, matairi ya nyuma yaende mbele upande wake ule ule, ya mbele yavuke kwenda nyuma kwa kupishana. Yale yenye mshale ubavuni yasivuke. Yabadilishane mbele na nyuma upande huo huo, maana mshale unaonyesha linakotakiwa kuzungukia. Kama spea yenu ni ya saizi kamili na aina ile ile, iingizeni kwenye mzunguko, matano yazeeke pamoja. Kijana mwenye jeki na spana ya magurudumu anamaliza kazi hiyo chini ya mwembe kabla chai haijapoa. Nashangaa watu wanalipa kuoshewa gari kila Jumamosi na hili wanaliona mzigo.

Upepo upimeni asubuhi, tairi likiwa baridi, na kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye kibati cha mlango wa dereva. Si kile anachokisia kijana wa pancha kwa kupiga teke. Mkibeba watu watano, gunia la mchele wa Ndungu, tangawizi ya Miamba na mikungu ya ndizi, kibati hicho mara nyingi kina kipimo cha pili cha mzigo, kifuateni. Na kumbukeni tairi lenye upepo mdogo huwa dogo kwa mzunguko pia. Unaweza kuwa na manne mapya yanayolingana dukani, na barabarani yasilingane.

Kupima mzingo hakuhitaji mashine. Inua gurudumu kwa jeki, chukua uzi wa katani, si tunao hapa Makanya na Kisangara, uzungushe tairi katikati kabisa ya uso wake, ukate penye makutano. Fanya hivyo kwa manne, kisha zilaze nyuzi nne chini pamoja. Upana wa penseli ni kama milimita 7. Nyuzi zikipishana zaidi ya hapo, kuna bega linalipia.

Najua mtaniuliza: na likipasuka moja njiani, Hedaru, usiku, mzee? Funga spea, punguza mwendo, fika. Safari moja haiui gari. Kinachoua ni kufika ukasahau, ukaendelea hivyo hadi Pasaka. Ukishafika, tafuta tairi la kulingana na matatu yaliyobaki. Na hapa nitasema jambo ambalo wauza matairi mapya hawatalipenda: kama matatu yako yamelika nusu, tairi la mtumba la aina ile ile na kina kile kile litakufaa kuliko jipya kabisa. Ila mtumba una mitego yake. Soma ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani sana hata kama kashata ni nzuri, mpira umekauka, tazama nyufa ndogo mbavuni. Na pitisha macho ndani ya mifereji: wapo wanaochonga upya kipara kwa kisu cha moto, likaonekana lina kashata, kumbe wamekaribia nyuzi. Mfereji wa kiwandani una vitufe vidogo vilivyoinuka chini yake, alama ya milimita 1.6, uliochongwa na mtu wa mtaani hauna, au wamevikata.

Kwa mwenye hela ya mawili tu na gari la magurudumu manne, ushauri wangu utawashangaza. Subiri. Manne yaliyolika nusu lakini yanalingana ni salama kwa giaboksi kuliko mawili mapya na mawili ya zamani. Weka akiba kwenye kikundi, kwenye simu, popote, ukinunua nunua manne. Mwenye gari linalovutwa na magurudumu mawili anaweza kununua mawili, na hata huyo ayafunge nyuma, si mbele kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa nyuma ikiteleza kwenye kona yenye ukungu usukani hausaidii kitu.

Lakini kusubiri kwenu kuwe na mpaka, na mpaka ni ile alama ya 1.6. Msije mkasema mzee alituruhusu vipara. Jioni ya tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba hapa Same, basi na Coaster viligongana vikashika moto. Taarifa ya Ikulu ya siku iliyofuata ilisema wamekufa watu 38, na idadi ikapanda baadaye. Wengi waliungua hata ikawa vigumu kuwatambua. Chanzo kilichotajwa kilikuwa tairi la basi kupata pancha, dereva akashindwa kulimudu. Tukio hilo silitaji ili nimnyooshee mtu kidole, marehemu wetu wapumzike. Nalitaja kwa sababu wapo wanaodhani habari za matairi ni mazungumzo ya mafundi na wazee wasio na kazi.

Neno kwa akina mama na akina dada mnaoendesha, maana ninyi ndio mnaodanganywa zaidi gereji. Mkiambiwa ni bushi, mkiambiwa ni beringi, na gari linaruka kwenye kona kali tu wakati wa kuegesha, mwambieni fundi aanze kwa kupima matairi manne mbele yenu. Akikataa, au akicheka, ondokeni. Na gari la namna hii likiwafia njiani, msikubali livutwe mawili yakiwa hewani na mawili yakiburuzwa chini. Yale ya chini yatazungusha vilivyomo ndani huku ya juu yamesimama, na uharibifu wa mwaka mzima utafanyika kati ya Njoro na Same. Lipakiwe juu ya gari la kubebea.

Nimesema yote niliyonayo. Desemba haiko mbali. Kabla hamjapakia watoto na magunia, tafuteni uzi, pimeni manne, andikeni vipimo kwenye daftari. Yakilingana, karibuni nyumbani. Yasipolingana na hela ya manne haijapatikana, liacheni gari Dar es Salaam, njooni na basi hadi Same, mlimani mtapanda Noah ya abiria kama tunavyopanda sisi.